Aliyeingia kwa Jina la Mwenzake

Rola ya tatu ilipokwama, majani ya chai yaliendelea kumwagika kutoka kwenye mkanda kama vile hakuna kilichotokea. Yalijaa, yakafurika, yakaanza kuanguka sakafuni. Subilaga alikuwa amesimama penye mlango wa chumba cha rola, mahali pake pa kazi kama mshika mlango, na alikuwa wa kwanza kunusa harufu ya majani yanayoungua.

"Itenge!" mtu alipiga kelele.

Subilaga alisogeza mdomo kwenye tundu la ukutani. "Bawabu, tenga rola ya tatu."

Chini ya miguu yake Duara liliguna. Lilikuwa gurudumu la chuma pana kama nyumba, limefukiwa ardhini, likizungushwa na mvuke wa kutoka tumboni mwa mlima, na lilikuwa na tabia moja mbaya: halikujua kusimama. Mvuke ukifungwa asubuhi, jioni bado linazunguka kwa nguvu lililojiwekea. Ndiyo maana kiwandani hapo hakuna aliyesema mashine imezimwa. Walisema imetengwa. Nguvu ilikuwa pale pale, ikisubiri ng'ambo ya kipande kimoja cha chuma, na aliyekishika kipande hicho alikuwa Bawabu.

Bawabu hakuwa mtu bali mtambo, na hakuwa na macho. Alikuwa masikio tu. Zamani milango ilifungwa kwa kufuli, watu wakachongeshana funguo. Zikaja kufuli za kusoma vidole, lakini vidole vya watu walioshika chai na grisi tangu ujana havina mistari ya kusomwa. Ikabaki sauti. Anayeingia hutaja jina lake, mshika mlango hulirudia, na Bawabu hulishika jina hilo. Akitoka, mshika mlango humwita, naye huitika kwa sauti yake mwenyewe. Maadamu kuna jina ndani, rola haizunguki, hata meneja apige magoti.

Wazee wawili walikuja wamebeba nyundo na mitaimbo. Aliyetangulia aliitwa Ambokile, mnene, mwenye mzaha. Wa pili alikuwa baba yake Ipyana, na Ipyana ndiye mume wa Subilaga. Subilaga alipoiona tu ncha ya buti la huyo wa pili, alivuta kitenge kichwani, akainamisha uso, akaupa mlango mgongo.

Ndivyo alivyofundishwa alipoolewa. Mke hamtazami baba mkwe. Hasemi naye. Jina lake halitamki, si kwa hasira, si kwa utani, si akiwa peke yake. Waliita kutila, yaani kuogopa kwa heshima. Mahali pengine mila hiyo ilikuwa imesahaulika, lakini hapa Rungwe iliishi pamoja na Duara na sauti za ukutani, na hakuna aliyeona ajabu. Ambokile naye, kwa kuwa ni rika la mkwewe, angestahili kuogopwa vile vile, ila alishatangaza mbele ya watu kwamba heshima ya namna hiyo inamnyima mtu wa kumtania.

Siku nyingine zote, mkwewe akitaka kuingia, Subilaga alisogea pembeni na kijana aitwaye Lugano akaushika mlango. Leo Lugano alikuwa mlango wa rola ya kwanza, ameshikilia majina ya watu walio ndani, na hakuweza kubanduka.

"Mngojeeni Lugano," Subilaga aliuambia ukuta.

"Lugano gani tena, na majani yanaungua?" Ambokile alisema. "Mke wetu, sikiliza. Mimi na huyu ni mtu mmoja mwenye matumbo mawili. Tumelalia ngozi moja tangu tunachunga ndama. Nikitaja langu, tumetajwa wote."

Mkwewe alicheka kidogo puani. Subilaga alikijua kicheko hicho kuliko alivyoujua uso.

"Ambokile," mzee mnene aliliambia tundu.

"Ambokile," Subilaga alirudia.

"Ambokile yumo," Bawabu alisema.

Wakaingia wawili. Haikuwa mara ya kwanza. Wazee wa rika moja walikuwa wakibebana hivyo mlangoni mara nyingi, na kila mshika mlango alijua, na kila mshika mlango alijifanya ni jambo dogo.

Nyundo zikagonga. Mvuke ukapiga mluzi, ukanyamaza. Baada ya muda zikasikika hatua za mtu anayetoka, pamoja na kikohozi.

"Ambokile!" Subilaga aliita, kama sheria ilivyotaka.

"Nipo nje!" Ambokile aliitika akiwa anapita mbio kuelekea stoo.

Nyuma yake Subilaga alisikia chuma kikiburuzwa sakafuni, kisha kimya. Akayahesabu masikioni mwake yale aliyoyasikia kuwa ni hatua za mtu wa pili. Bado alikuwa ameupa mlango mgongo. Wale wawili hawakuwa watu wa kuachana. Akitoka mmoja, ametoka na mwenziwe. Ndivyo alivyojiambia.

"Hakuna jina ndani," Bawabu alisema. "Mshika mlango, wote wametoka?"

Hapo palikuwa na nafasi. Ndogo, ya kuvuta pumzi, lakini ilikuwapo. Angeweza kugeuka. Angeweza kumpigia Ambokile kelele, amuulize mwenzake yuko wapi. Pale karibu walikuwa wamesimama vijana wanne wa mkandani, wakimtazama, na alipowazia kuuliza habari za mkwewe mbele yao, uso ulimwaka moto. Majani yalikuwa yanazidi kuanguka.

"Wote," alisema.

Kile kipande cha chuma kilirudi mahali pake. Sauti ya kwanza iliyotoka ndani ilikuwa ya rola. Ya pili ilikuwa ya mkwewe, na hapo ndipo Subilaga alipogeuka.

*

Zahanati ya kiwanda ilikuwa juu ya kilima, na milango yake nayo ilikuwa ya Bawabu. Kesho yake asubuhi Subilaga alitaja jina lake mlangoni, mlango ukateleza, akaingia akakaa kwenye benchi la ukumbini. Chumba alicholazwa mkwewe kilikuwa mbele yake, kimefungwa. Hakwenda karibu. Alikaa akiyatazama mapaja yake mwenyewe.

Ambokile alitoka humo akiwa amevaa shati lile lile la jana. Kwa mara ya kwanza hakumwita mke wetu. Alikaa mwisho wa benchi, benchi likalia.

"Umekula?" akauliza.

"Hapana, baba."

"Hata mimi. Na mimi nisipokula ujue pana jambo."

Hakuna aliyecheka. Ambokile alikisugua kichwa chake kwa viganja viwili.

"Mkono wa kushoto wameukata juu ya kiwiko," alisema. "Daktari anasema mbegu ya mkono ipo, imo kwenye jokofu lao hapo. Wanaipandikiza kwenye nyama mbichi, inaota polepole kama mkono wa mtoto, mpaka unakuwa mkono wa mtu mzima. Ila haishiki kwenye kovu. Wakishafunga jeraha leo jioni, basi tena, ni kigutu mpaka kaburini."

"Kwa nini hawaipandikizi?"

"Unajua kwa nini."

Alijua. Mbegu ilikuwa haki ya mtu aliyeumia akiwa ametajwa mlangoni. Bawabu alikuwa na jina moja lililoingia na jina moja lililotoka. Mtu aliyekutwa kwenye rola hakuwa na jina. Kwa Bawabu alikuwa mwizi au mlevi aliyejipenyeza.

"Nitawaambia mimi," Subilaga alisema.

"Ngoja. Mwenzangu amenituma." Ambokile aligeuza uso, akaanza kusema polepole kama mtu anayebeba maji kwenye sahani. "Anasema hivi. Mkaguzi akija, mimi na wewe tuseme hatukumwona. Aliingia mwenyewe, kwa kiburi chake, tukiwa hatuna habari. Anasema mlango ukirekebishwa, yaani Bawabu akiambiwa upya nani aliingia, ni lazima iwe kwa sauti yako, na kwa jina lake. Hataki jina lake likae mdomoni mwa mke wa mwanawe. Na anasema wewe ni kijana. Sauti yako ikifungwa, Bawabu asikusikie tena, hutapata kazi kwenye mlango wowote, wala shambani, wala bandarini, wala popote. Anasema yeye ni mzee, mkono mmoja unamtosha kushika kikombe."

Tangu jana Subilaga alikuwa amejitayarisha kulaumiwa. Alikuwa amejitayarisha kwa matusi, kwa mama mkwe kumfukuza jikoni, kwa Ipyana kurudi kutoka Chunya na kumtazama bila kumsalimu. Hakuwa amejitayarisha kwa hili. Mzee aliyepoteza mkono kwa kosa lake ndiye aliyekuwa akimtafutia mahali pa kujificha.

"Na wewe, baba, unasemaje?"

"Mimi?" Ambokile aliinuka. "Mimi nilimwacha ndani nikaenda kutafuta spana. Nikaitika niko nje. Nilidhani unajua kwamba yumo. Usiniulize mimi nasemaje."

Akaondoka, akalitaja jina lake mlangoni kwa sauti ndogo sana hivi kwamba ilibidi alirudie.

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa Shinyanga, Bi Nyanjige, mrefu, amevaa koti la mvua ambalo hakulivua hata alipoketi. Walikuwa wawili tu kwenye chumba kidogo upande wa pili wa ukumbi. Ukutani palikuwa na tundu la Bawabu.

"Karibu, dada. Usiogope. Mimi kazi yangu ni kuuliza. Ambokile ameniambia hakumwona mzee akiingia. Wewe ulimwona?"

"Sikumwona," Subilaga alisema.

Ilikuwa kweli. Hapo ndipo alipoelewa jinsi uongo ule ulivyokuwa mwepesi. Hakuhitaji hata kuupamba. Alikuwa amegeuka, amejifunika, hakuona kitu. Heshima ilikuwa imemwekea kila neno tayari, na juu yake mzee mwenyewe ameamuru. Angetii tu. Angeinuka hapo akiwa mkwe mwema, mwenye sauti yake, na watu wangemsifu kwa kunyamaza.

"Basi," Bi Nyanjige alisema. Hakuonekana kufurahi. "Nikitoka hapa nitawaambia mzee alijiingiza. Mlango haukuwa na kosa. Kesho utashikwa vile vile ulivyoshikwa jana." Akamtazama. "Unashika tena kesho?"

"Ndiyo."

"Wanaingia wangapi kwa siku?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

Akilini Subilaga aliwaona wazee wa kiwanda wakipita mbele ya mlango wawili wawili, na jina moja likitajwa. Alimwona mama wa usafi anayepita nyuma ya binti yake. Ndani ya zile rola, kila siku, palikuwa na watu ambao Bawabu hakuwajua, na kilichowatenga na Duara kilikuwa mtu kama yeye, anayeona haya kuuliza.

"Mama," alisema, "mtu akiwa hajaonekana lakini amesikika, ameonekana?"

Bi Nyanjige aliweka viwiko mezani. "Sema."

"Nilimsikia. Waliingia wawili. Nilijua ni wawili. Ambokile alitaja jina lake, na mimi nikalirudia hilo moja."

"Kwa nini hukumtaja wa pili?"

"Ni baba mkwe wangu."

Kwa mkaguzi halikuwa jambo geni kabisa. Alionekana kama mtu aliyekuwa akilizunguka na sasa amelikanyaga.

"Na alipotoka Ambokile, Bawabu alikuuliza kama wote wametoka?"

"Aliniuliza."

"Ukasema?"

"Nikasema wote."

"Ulikuwa na hakika?"

Hili ndilo swali alilokuwa akilikimbia tangu jana. Lile la jina lilikuwa na mila ya kuegemea. Hili halikuwa na kitu.

"Sikuwa na hakika," alisema. "Niliona haya kugeuka. Hakuna mila inayokataza kuuliza mtu yuko wapi. Niliona haya tu, kulikuwa na vijana wananitazama, na majani yalikuwa yanaanguka. Nikaona nikisema wote, itakuwa wote."

Bi Nyanjige aliguna, si kwa dharau. "Unajua kitakachofuata? Mlango unarekebishwa na aliyeushika, kwa sauti yake. Ukirekebisha, umekiri kwamba ulirudisha nguvu juu ya mtu. Sauti yako inafungwa hapo hapo. Mimi siwezi kuizuia, na kuifungua nako si kazi ya mkono wangu. Nitasema pia yale mengine, kwamba walimweka mlangoni mtu asiyeweza kutaja baadhi ya watu wake, na wote walijua. Lakini hilo litachukua muda. Lako litachukua sekunde."

"Na mkono?"

"Jina likisomeka, wanaweza kupandikiza leo."

Subilaga alisimama, akaenda kwenye tundu. Aligundua kwamba amevuta kitenge kichwani bila kujua. Akaisogelea plastiki ya tundu hilo mpaka ikamgusa mdomo.

"Bawabu. Rekebisha mlango wa rola ya tatu, jana. Aliingia mtu wa pili."

"Taja jina."

Alikuwa amelisikia jina hilo kila siku tangu aolewe. Watu waliliita barabarani, sokoni, kanisani. Ulimi wake ulilijua kama unavyojua jino lililooza, kwa kulikwepa. Sasa ulikuwa umelala mdomoni kama kipande cha udongo.

"Anyosisye," alinong'ona.

"Sijasikia. Rudia."

"Anyosisye."

"Sauti haitoshi. Rudia."

Ukuta kati ya chumba hicho na ukumbi ulikuwa wa mbao nyembamba, na ng'ambo ya ukumbi mlango mwingine mwembamba. Alijua atasikika. Alifumba macho.

"Anyosisye!" alipaza sauti. "Anyosisye Mwakifuna! Aliingia! Nami nikasema wote wametoka, na yeye yumo!"

Upande wa pili, kitu cha bati kilianguka sakafuni.

"Imepokelewa," Bawabu alisema kwa sauti ile ile ya siku zote. "Anyosisye Mwakifuna alikuwamo. Sauti ya mshika mlango imefungwa."

Bi Nyanjige alikuwa tayari mlangoni. "Ngoja niwawahi kabla hawajaanza kushona," alisema, akalitaja jina lake, akatoka mbio, koti likipepea. Mlango uliteleza nyuma yake ukajifunga.

Subilaga alikaa. Alifikiri ataona wepesi. Watu husema hivyo, kwamba ukisema ukweli unashusha mzigo. Yeye mzigo ulikuwa pale pale, ila sasa ulikuwa na sura: mzee mmoja kitandani, amelisikia jina lake likipigiwa kelele na mtu ambaye yeye mwenyewe alimkataza kulitaja. Jana Subilaga alimkata mkono. Leo amemvunjia agizo. Kama kungekuwa na njia ya tatu ya kumkosea, labda angeipata kesho.

Akaenda mlangoni. "Subilaga," alisema.

Mlango haukusogea.

"Subilaga Mwakifuna."

Hakuna kitu. Haukumkatalia hata, ulikuwa ukuta tu. Alibisha kwa kiganja, taratibu, kwa sababu ni zahanati. Akabisha tena kwa nguvu. Ukumbini kulikuwa na harakati, watu wanaitana, magurudumu ya kitanda yanazunguka kwenye vigae.

"Kuna mtu humo?" Ilikuwa sauti ya muuguzi wa kike, ngeni kwake.

"Nipo. Mlango haunifungukii."

"Jina lako nani? Mbona haukusikii?"

"Nimefungwa sauti." Alijaribu kulisema jina lake tena, kilio kikamkatiza.

"Basi nitakutaja mimi kwenye tundu la huku. Nani?"

Magurudumu yalikuwa yamesimama. Alijua ni kitanda cha nani, maana chumba cha upasuaji kilikuwa mwisho wa ukumbi na hapakuwa na mgonjwa mwingine siku hiyo. Akarudi nyuma hatua moja bila kujitaja, kwa kuwa mkwewe alikuwa akisikia.

"Mzee," muuguzi aliuliza, "wewe unamfahamu aliyemo humu?"

Subilaga aliisikia pumzi ya mkwewe, nzito, ya mtu mwenye maumivu. Kwa upande wake mzee naye alikuwa na mwiko wake. Tangu siku ya harusi hakuwahi kumsemesha, wala kumwita. Akitaka maji ya kunawa, alimwambia mkewe aseme maji hayapo, ili Subilaga asikie.

"Namfahamu," alisema.

"Basi mtaje, tunachelewa."

"Nimemkataza," mzee alisema. Hakuwa akimwambia muuguzi. "Nimetuma mtu, nimemkataza. Sasa hata sokoni nitapitaje? Watasema yule ndiye aliyetajwa ukutani na mke wa mwanawe."

"Mzee, daktari anangoja."

"Daktari atangoja. Mkono ni wangu."

Kisha kitu kikasogea kwenye shuka, na sauti yake ikaja karibu zaidi, kana kwamba amejiinua kwa mkono uliobaki kulifikia tundu. Ilikuwa sauti kavu, haikuwa na msamaha ndani yake, wala haikuutafuta.

"Subilaga," alisema. "Fungua. Ni wa kwangu."

Mlango uliteleza.

Kitanda kilikuwa kimeanza tena kwenda. Subilaga alitoka, akasimama ukutani, akakiacha kipite. Hakushukuru. Hapakuwa na njia ya kushukuru isiyomlazimu kumsemesha, na kwa siku moja alikuwa amesema ya kutosha.